Siku Niliyomwita Tumbusi kwa Jina la Tai

Naona haya kusema, lakini hapa Rumonge wanaonijua karibu wote wameshalisikia jambo hili, basi afadhali nanyi mulisikie kwangu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na miaka mingi nimewatembeza watu ufukweni kuwaonyesha ndege (michoro iliyoko darasani nimeichora kwa mkono wangu, sijivuni bure). Mwaka jana wakaja wageni sita kutoka Bujumbura, wanatafuta mtu wa kuwaongoza msimu mzima, nami nikajisemea kazi hiyo ni yangu, nikaamua darubini niiache ndani ya begi, waone kwamba Mwalimu Fidele anatambua ndege kwa macho matupu.

Tulipofika Kizuka, kwenye mashamba ya michikichi, tukaona ndege mkubwa juu ya mti, kichwa cheupe, mabawa yana weusi. Nikasema papo hapo, "Huyo ni tai wa samaki. Chakula chake samaki."

Wakaandika. Na mimi kuona wanaandika nikanogewa, nikaongeza kwamba tai huyo ukimwita anaitika, nikarudisha kichwa nyuma nikalia kama yeye, mara tatu, kwa nguvu zangu zote, hadi wanawake waliokuwa wakikamua mawese jirani wakaacha kazi wakaja kutazama nani anaumwa.

Ndege hakuitika. Alichuma tunda la mchikichi akaanza kulila taratibu.

"Mwalimu, ile si samaki," mgeni mmoja akasema kwa upole.

Nikajibu (Mungu anisamehe) kwamba anasafisha mdomo. Akala la pili, akala la tatu. Hapo mmoja wa wale wakamuaji, Mama Zaituni, akaniambia mbele ya wote, "Mwalimu, huyo hata ulie mupaka jioni hatakujibu. Iko tumbusi, anakula ngazi zetu za michikichi kila siku. Angalia tumbo."

Nikatoa darubini. Tumbo jeupe lote, uso mwekundu usio na manyoya, mkia mweusi wenye ncha nyeupe. Tai wa samaki tumbo lake ni la kahawia na mkia wote mweupe, na hayo nimeyafundisha mwenyewe. Wanawake walicheka hadi mmoja akakaa chini.

Ningeweza kusingizia jua. Nikawaambia wageni, "Nimekosea. Futeni mulichoandika, na tumuombe mama atueleze."

Alitueleza saa nzima, mti anaojengea kiota, saa anazokuja kula, mambo ambayo hayamo katika kitabu changu chochote. Tulipoagana, kiongozi wa wageni akasema, "Tunawataka nyinyi wawili." Nilirudi nyumbani kifua mbele kuliko siku niliyopata diploma.

Tangu hapo nimeapa kutotaja jina la ndege kabla sijaona tumbo na mkia. Na nisipojua nasema sijui, tena kwa sauti, hata walioko nyuma wasikie.