Ubongo wa Mbuzi

Niliporudi Kibokoni kwa likizo yangu ya kwanza, nilikuwa nimesoma saikolojia mwaka mmoja huko ng'ambo, nami nilijiona nimeshayajua yaliyomo vichwani mwa watu wote. Nilitembea mikono nyuma. Nikisalimiwa, nilichelewa kidogo kuitikia, ili watu wajue nina mengi ya kufikiri.

Siku moja baada ya swala ya alasiri, baba alinikalisha barazani pamoja na wenzake wawili.

"Haya, waeleze wazee. Wasomea nini?"

"Elimu ya nafsi, baba. Na ubongo."

Mzee mmoja akaniuliza, kwa adabu, kama ningeweza kumtazama mpwa wake anayesema peke yake. Baba akageuza uso. Kuonekana mganga kuliniudhi, nikaahidi upuuzi: kesho wakati kama huu nitawaonyesha ubongo wenyewe, kila sehemu na kazi yake.

Asubuhi nikanunua ubongo wa mbuzi buchani, nikautia kwenye bakuli la siki ili ukakamae, nikaufunika na kwenda zangu juu kusoma. Usingizi ukanichukua. Sikuwa nimemwambia mtu. Mimi, mwanasayansi, nitoe maelezo jikoni?

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akikaa kwetu tangu mumewe, aliyekuwa karani bandarini Mbaraki, afariki. Aliona ubongo, akaona siki, akajua kuna mtu ameanza mapishi akayaacha njiani. Akayamaliza.

Wazee walipofika, ubongo ulitoka umekaangwa kwa vitunguu na pilipili manga, na mkate wa mofa pembeni.

"Ndio huu?" baba aliuliza.

"Ndio huu," nikasema, kwani ningesema nini? Nikashika uma. "Sehemu hii ya nyuma ndiyo inayomzuia mtu asianguke..."

"Hicho ni kitunguu," baba akasema.

Wageni walikula somo zima nami ningali kwenye utangulizi.

Kesho yake shangazi akaniletea ubongo mwingine, mbichi, juu ya sinia. "Nilikuharibia bila kujua, mwanangu. Haya, nifundishe mimi."

Nikakata, nikaeleza: hapa kuona, hapa kusikia. Akasikiliza, kidole shavuni.

"Na huzuni? Yakaa wapi?"

Nikaugeuza ule ubongo juu chini, kama mtu aliyepoteza funguo.

"Hapo hatujafika, shangazi. Labda mwaka wa pili."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa leso. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu msiba. Kisha akaanza kunisimulia habari za mumewe: jinsi alivyokuwa akikohoa makusudi mlangoni ili ajulikane amefika, na jinsi yeye mwenyewe bado anavyokitegea sikio kikohozi kile kila jioni. Nilimsikiliza na kisu mkononi. Nilikuwa na maneno matatu ya kitabuni ya kumwambia, na kwa bahati njema yote yalinipotea.

Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa alinyanyuka, akanawa mikono.

"Huo wape paka," akasema. "Mimi bongo nimezichoka."