Mrija wa Shaba Katika Mchi wa Mama Mkwe

Kabla ya kuingiza mrija wa shaba ndani ya kipande cha mti, nilikuwa nimeandika hatua kumi na moja katika daftari langu. Hatua ya saba iliishia kuwa ya bukari, yaani ugali, na ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni fundi wa pampu. Kwa miaka mingi nimevuta maji kutoka mashimo ya mgodi wa Mashamba, na kukereza kalamu nimejifunza mwenyewe, kwa video na kwa kuharibu miti. Kazi haina siri kubwa. Unatoboa kipande cha mti kwa urefu wake, unakwaruza mrija mwembamba wa shaba ya manjano kwa msasa, unaupaka gundi, unausukuma ndani. Gundi ikishakauka, unakereza mti juu ya mrija huo mpaka uwe na unene wa kidole. Shaba inatoka ardhini kwetu, lakini mirija ilibidi niiagize ng'ambo, ikafika baada ya miezi miwili. Sikulalamika. Niliipima.

Mara hii mti wenyewe haukuwa wa majaribio. Binti yetu mkubwa alikuwa anafunga ndoa Jumamosi, kwenye ofisi ya komine, yaani manispaa, na aliomba kusaini kwa kalamu iliyotokana na mchi ambao bibi yake alimfundishia kutwanga. Bibi huyo, yaani mama mkwe wangu, mjane wa mfanyakazi wa reli, aliubeba mwenyewe kutoka Mutshatsha, ameulaza mapajani safari nzima. Wadudu walikuwa wameula karibu wote. Nilipoukata nilipata vipande viwili tu vizima, na kalamu moja inataka viwili: kimoja cha chini, kimoja cha juu.

Cha chini kilikubali mrija bila ubishi. Ncha za mrija lazima zizibwe kwanza, la sivyo gundi inaingia ndani na vyuma vya kalamu havipiti tena. Nilikuwa nimeziba kwa nta ya mshumaa. Kisha umeme ukakatika, na mke wangu akauwasha mshumaa wangu mpaka ukaisha.

Alhamisi asubuhi umeme haukuwa umerudi. Nilikaa na kipande cha juu nikitafuta kitu laini, kinachoshika, kinachotoka bila kuacha alama. Mezani kulikuwa na bukari ya jana. Nikatafakari, nikabadili hatua ya saba, bukari badala ya nta, nikachoma ncha ya mrija ndani ya tonge. Nilisahau jambo ambalo nilikuwa nimeliandika kurasa chache nyuma: gundi ya haraka ikikutana na maji, inakauka papo hapo. Na bukari ni maji yaliyoshawishiwa na unga.

Mrija uliopakwa gundi ukaingia nusu ndani ya mti, ukasimama. Niliusukuma kwa gumba. Gumba nalo likasimama, limeganda kwenye shaba.

Dawa ya gundi hiyo ni joto. Moto pekee uliokuwa nyumbani ulikuwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na mbabula ilikuwa jikoni nyuma ya nyumba, na jikoni alikuwa mama mkwe, peke yake. Mke wangu na binti walikuwa sokoni. Kwetu sisi ambao babu zetu walitoka Kasai, mwanamume hamkaribii mama mkwe wake, hamshiki mkono, na hamtazami usoni. Neno likihitajika, linapita kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu hakuwepo.

Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko, nikakohoa.

"We sufuria," mama mkwe akasema, "kuko muntu nyuma ya ukuta?"

"Ukuta," nikajibu, "ambia mama ni mukwe wake. Niko na lazima ya moto."

"Sufuria, umuulize kama anasikia njala."

"Hapana, ma..." Nikajirekebisha. "Ukuta, sema hapana. Ni kalamu. Imekwama."

"Ile ya muchi yangu?"

Nilikificha kipande mgongoni, ingawa ukuta ulikuwa kati yetu.

"Aonyeshe."

Nilipitisha mkono kwenye ukingo wa ukuta, uso nikiuelekeza kwenye choo cha jirani. Nilisikia kijiko kikianguka, kisha kicheko.

"Sufuria, unaona? Miaka makumi mbili na sita ya bukwe, njo mara ya kwanza ananipatia mukono. Na mukono yenyewe iko na bukari!"

Aliweka chini bakuli la maji ya moto na sabuni, akarudi nyuma, nikasogea, nikachovya. Gumba lilitoka baada ya muda, likaacha ngozi kidogo kwenye shaba. Mrija haukutoka.

"Sasa amuambie," alisema, "kisu banakiingizaka mu mupini na chuma ya moto. Mi nilifanyaka bisu ya nyumba yote." Nikasikia akichomeka kichokoo cha chuma kwenye makaa.

"Ukuta, uliza joto kiasi gani."

"Sufuria, sema: ya kutosha."

Kichokoo kilikuja hadi ukingoni, mpini mbele. Nilikitia ndani ya mrija. Moshi ukatoka, na harufu ya bukari iliyoungua. Nilikuwa nimepanga kuuvuta mrija nje polepole, kama daftari lisemavyo, nianze upya; nilipovuta, shaba ililia.

"Iko anavuta!" sauti ya jikoni ikapaa. "Sufuria, aache kuvuta! Asukume! Muchi ni wa kupiga, haiko ya kubembeleza!"

Hakukuwa na kipande kingine. Nilichomoa kichokoo, nikaweka kibao juu ya mrija, nikafumba macho, nikapiga kwa kiganja. Mrija uliteleza hadi mwisho, sawasawa na mti, kama ulikuwa unangoja kugombezwa. Nilifuta hatua ya saba. Umeme uliporudi Ijumaa, nilikereza.

Jumamosi binti yetu alisaini. Wino ulitoka kwenye mstari wa pili, lakini ulitoka. Kisha ofisa wa komine akamwita bibi awe shahidi. Kalamu ilikuwa imerudi mkononi mwangu. Niliiweka mezani, nikarudi hatua tatu. Mama mkwe aliichukua, akainusa.

"Kalamu," alisema kwa utulivu, "ambia fundi yako: kalamu yake ingali inanuka bukari."

Ofisa aliinua kichwa. "Mama, unasema na nani?"

"Na kalamu, tata. Iko inasikia muzuri."

Akasaini taratibu, herufi kubwa kubwa, akaifunika, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu. Binti yangu alinitazama, akaziba mdomo kwa shela. Nilitaka kumwomba mama mkwe airudishe. Lakini sufuria tulikuwa tumeiacha nyumbani.