Mganga Alisema Avue Chuma, Nikamtafsiria Vingine

Mkosaji ni mimi, msimtafute mwingine! Nimechimba dhahabu Geita, nimenunua ng'ombe, nimeezeka bati, na darasa la pili sikumaliza. Sijawahi kumwogopa mtu. Leo namwogopa mke wangu, mtu asiyeweza hata kuinama!

Mgongo ulimsumbua. Nikampeleka hospitali Shinyanga, nimesikia kuna mashine ya umeme inapasha nyama joto kwa ndani, bila moto. Yeye anajua Kisukuma tu. Mkalimani nikawa mimi.

Mganga, kijana wa pwani, akanisalimu vizuri, akasema, "Mzee, mwambie mama avue chuma chochote alicho nacho, hata shaba. Kitamuunguza."

Jamani, kiunoni, ndani ya khanga, alikuwa na waya wa shaba! Wazee wa kwao walimvisha kwa ajili ya masamva, mizimu ya bibi yake. Hauvuliwi. Nikawaza, huyu mtoto wa juzi atanifundisha nini?

Nikamgeukia mke wangu. "Anasema lala, tulia."

"Hana chuma, mzee?" mganga akaniuliza.

"Hana! Unataka nimvue nguo mbele yako?"

Kijana akaona haya. Akamwekea raba za mashine mgongoni, akawasha.

Haikupita muda. "Baba watoto, naungua!"

"Vumilia. Dawa inaingia."

"Mayu, mama yangu! Nakufa mimi!"

"Anasema nini?" mganga akauliza.

"Anasema joto tamu."

Lo! Ulimi huu! Harufu ya nyama ndiyo iliyosema kweli. Kijana aliruka kuzima. Waya ulikuwa umezama nyamani.

Mke wangu alilazwa masika yote. Kovu limemkaza kiuno, jembe hashiki tena.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Mpaka leo haijui kauli ya mganga! Anaamini masamva wamemwadhibu kwa kukubali ile mashine. Aliomba mbuzi awatake radhi, nami nikachinja, nikasimama pale namsikiliza akijilaumu! Mgeni anayejua Kisukuma na Kiswahili akikaa naye, navuta kigoda nikae katikati yao.

Jana aliomba mbuzi wa pili. Nikasema sichinji. Akaniuliza kwa nini, nikatoka nje kama mwizi. Leo nitamjibu, hata kama atarudi kwao.

Ninyi mnaowasemea wake na mama zenu hospitalini, fikisheni kila neno, hata lisilowapendeza! Msije mkamwacha mtu anaomba radhi kwa kosa lenu.