Usaili Uliofanyikia Barabarani

Dada yangu alisomea popo. Nasema hivyo moja kwa moja kwa sababu miaka yote aliyokuwa akisoma shahada yake ya uzamivu, nyumbani tulilizunguka jambo hilo kama mtu anayezunguka dimbwi. Mgeni akiuliza, mama anajibu, "Anasomea sayansi," kisha anamwuliza mgeni kwa haraka kama ataongezewa chai. Mtaani walijua, maana mtaa haufichwi kitu, wakambandika jina la Popo. Yeye hakujali. Ukimwita aliitika.

Kazi yenyewe aliifanyia juu ya paa la maktaba ya chuo. Alifunga vinasa sauti kwenye pembe za paa, akajikunyata katikati na kompyuta yake, akangoja popo watoke darini. Popo wanapiga kelele ambazo sikio la mtu haliziokoti. Sauti ya popo mmoja hufika kwenye kinasa cha karibu kabla ya kufika kwenye kile cha mbali, na ukiipima tofauti hiyo, ambayo ni ndogo kuliko kufumba jicho, unajua popo alikuwa wapi hewani. Haya nimeyaelewa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nguo zake zinanuka vumbi la dari, na kwamba chumba tunacholala kimejaa nyaya.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele, sisi wawili tukilala cha nyuma. Kwa hiyo mambo yake yote yalipita mbele ya macho yangu.

Wa kwanza kumvunja nguvu alikuwa msimamizi wake wa masomo, bila kukusudia. Tasnifu ilikuwa imekaribia mwisho, naye dada alikuwa ameshajiona mbele ya darasa, chaki mkononi. Profesa akamwambia kwa upole, "Mimi nastaafu hivi karibuni, na kiti changu hakitajazwa. Chuo hakiajiri. Tafuta na kwingine."

Akatafuta. Alituma maombi kila pembe, akiambatanisha wasifu wake ambao ulikuwa mrefu kama foleni ya mwisho wa mwezi: makala, mikutano, kozi, vyeti, hadi cheti cha kuogelea. Waliojibu walisikitika. Wengi hawakusikitika hata kidogo, walinyamaza tu. Kampuni moja ya bima ikamwita, tukafurahi, nikamsuka vizuri akaenda. Mmoja wa wasaili akaufunua wasifu, akacheka, akamwuliza, "Na huyo popo atatusaidia nini sisi?" Dada akaanza kueleza mawimbi ya sauti. Akaeleza na kueleza, mpaka wakamshukuru akiwa katikati ya sentensi.

Aliporudi alijilaza akautazama ukuta. Nilimletea furushi la nywele za bandia anisaidie kuzichambua, akaamka, akachambua.

"Umesoma zaidi ya ukoo mzima," nikamwambia mwishowe. "Huu hauwezi kuwa ndio mwisho wake."

"Ndilo tatizo lenyewe," akasema. "Nimesoma mpaka nimetokezea upande wa pili."

Pale chuoni palikuwa na ofisi ya ushauri wa ajira. Alikuwa akipita mlangoni pake miaka yote, akidhani ni ya watoto wa mwaka wa kwanza wanaojifunza kufunga tai. Safari hii alijikaza kisabuni, akabisha hodi. Aliyekuwamo ni bwana mmoja wa makamo, mpole, mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Alisoma wasifu wote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaufunika mezani kifudifudi.

"Nimesoma," akasema. "Sasa niambie, unaweza kufanya nini?"

"Nimeandika humo."

"Humo umeandika umesoma nini. Mimi nauliza unaweza nini."

Dada anasema aliona haya. Halafu, polepole kama mtu anayehesabu vyombo gizani, akasema, "Naweza kuichomoa sauti ndogo kutoka ndani ya kelele kubwa. Na naweza kusema imetoka wapi."

Yule mshauri akavuta kalamu. "Hiyo ndiyo sentensi yako ya kwanza. Popo waache wakae chini kidogo."

Alimpa kazi mbili za kufanya. Ya kwanza, aeleze anachokijua kwa watu wasio na sababu yoyote ya kumsikiliza, na asiache mpaka mmoja wao aulize swali kwa hiari yake. Ya pili, atafute watu wanaofanya kazi zinazomvutia, awaombe wamweleze kazi zao. "Usiombe kazi," alisema. "Ukiomba kazi, mtu anafunga mlango. Ukimwomba akueleze kazi yake, anakuvutia kiti."

Watu wasio na sababu ya kusikiliza nilikuwa nao tele. Mtu anayesukwa hana pa kukimbilia. Dada akawa anasimama katikati ya saluni yangu, mgongo kwenye kioo, akianza. Siku za mwanzo walilala. Bibi harusi mmoja mtarajiwa alikoroma kabisa, kichwa kikaniangukia mkononi. Mwingine akaniomba niongeze sauti ya redio. Dada hakukasirika. Kila jioni alikata maneno, akabadilisha mwanzo, akajaribu tena. Akaacha kusema "masafa", akaanza kusema, "Umewahi kusikia simu yako inalia ndani ya nyumba na hujui ilipo?" Hapo vichwa vikaanza kuinuka chini ya mikono yangu, nami nikawa napoteza mistari. Siku moja mama muuza vitambaa akageuka ghafla, nusu kichwa kimesukwa na nusu bado, akauliza, "Sasa na kama ile sauti inagonga ukuta kwanza, utajuaje?"

Dada akanitazama juu ya kichwa cha yule mama. Lilikuwa swali zuri, na lilikuwa limeulizwa kwa hiari.

Kazi ya pili ilianza kwa bahati. Maji yalikuwa yamekatika mtaani petu, dada akatoka na ndoo kwenda kuulizia. Barabarani akakuta gari la idara ya maji na mafundi wawili. Mmoja alikuwa ameinama, amesimamisha fimbo ya chuma juu ya bomba na kuegemeza sikio kwenye ncha yake. Dada akasahau ndoo. Akauliza wanafanya nini. Wakamwambia wanasikiliza panapovuja.

Alirudi bila maji, macho yanang'aa. "Wanasikiliza," akaniambia. "Kuna watu wanalipwa kusikiliza."

Kesho yake akapiga simu idara ya maji. Akapitishwa ofisi hii hadi ile, mara simu ikakatika, akapiga tena, mpaka akaunganishwa na mhandisi anayesimamia upotevu wa maji. Alikuwa mama mkavu wa maneno.

"Nafasi za kazi zikitoka zinatangazwa," yule mama akamkata.

"Siombi kazi, Mhandisi. Naomba unieleze mnavyotafuta uvujaji. Mimi natafuta popo kwa njia inayofanana."

"Popo wapi?"

"Hewani."

Kiti kikavutwa kweli. Alikaribishwa kwenye yadi yao, akaonyeshwa mitambo, akauliza maswali mpaka wakaanza kumwuliza yeye. Na nafasi ilipotangazwa, ya mtaalamu wa kudhibiti uvujaji, dada alituma wasifu mfupi kama barua ya shemeji. Ile sentensi ilikuwa juu kabisa. Popo walikuwa chini, katika mstari mmoja. Akaitwa.

Mezani walikuwa afisa utumishi, Mhandisi, na msimamizi wa mafundi ambaye wote walimwita Mzee wa Koleo ingawa hakuwa mzee. Afisa utumishi akaanza na mwiba.

"Tangazo linataka mhandisi. Wewe si mhandisi."

"Ni kweli," dada akajibu. "Lakini tangazo limeeleza pia kazi zenyewe. Kunasa sauti za mabomba, kuzichambua, kutaja mahali. Hizo nimezifanya kila wiki kwa miaka, kwa kitu kinachoruka. Bomba angalau limetulia."

Mzee wa Koleo akacheka kidogo. Mhandisi hakucheka. Aliegemeza viwiko mezani, akasema, "Basi nisaidie. Tuna bomba nyuma ya hospitali linavuja. Wodi za juu hazipati maji. Tumefunga vinasa vyetu kwenye koki mbili, huku na huku, mashine imetuonyesha mahali, tumechimba. Pakavu. Tumerudia, mashine ikasogea kidogo, tukachimba tena. Pakavu. Kwa nini?"

Dada akafikiri. "Mashine mliiambia sauti inakimbia kwa kasi gani ndani ya bomba?"

"Kasi ya chuma. Bomba ni la chuma, nimeliona kwa macho yangu shimoni."

"Pale shimoni ni la chuma. Na kwingine mmeliona?"

Mhandisi akavua miwani. Wakatazamana na Mzee wa Koleo. Kisha akasema, "Kesho asubuhi una shughuli?"

Hakuwa na shughuli. Mimi nilikuwa nazo, nikazifuta. Nilitundika kibao cha "Nimefunga" nikambebea begi la nyaya.

Mashimo mawili yalikuwa bado wazi, yamezungushiwa kamba, wenye maduka wamekunja nyuso kwa sababu ya vumbi. Jenereta la hospitali lilinguruma upande mmoja. Nilidhani hapo mtu hawezi kusikia hata jina lake. Dada akalitazama kama mtu anayemtazama jirani aliyemzoea, akasema, "Hilo linapiga mlio mmoja tu. Nitauchuja."

Akashuka kwenye shimo lililo karibu na katikati, akafunga kinasa juu ya chuma kilicho wazi. Kingine akakifunga kwenye koki ya mbali. Akamwomba Mzee wa Koleo agonge bomba kwa spana, nyuma ya kinasa cha kwanza, ili mlio upite kwenye vinasa vyote viwili. Spana ikalia. Dada akatazama kompyuta. Akaomba tena. Ikalia.

"Imechelewa," akasema. "Imechelewa sana. Kutoka hapa mpaka kule mlio unatembea kama mtu aliyevaa viatu vinavyombana. Chuma hakifanyi hivyo. Kuanzia hapa kwenda mbele, bomba ni la plastiki."

Mzee wa Koleo akatikisa kichwa. "Tangu niajiriwe, sijawahi kusikia kipande cha plastiki mtaa huu."

"Huenda kiliwekwa kabla yako. Spana ndiyo inayosema hivyo, si mimi."

Hoja yake ilikuwa nyepesi alipoieleza, na aliieleza kama vile bado tuko saluni. Ukiiambia mashine sauti ina mbio kuliko ilivyo, mashine itakutupa mbali na katikati, kuelekea mwisho wa bomba. Walikuwa wanachimba palipokosewa na hesabu, wala si palipovuja. Akanasa mvumo wa maji, akaondoa mvumo wa jenereta, akapiga hesabu upya kwa kasi aliyoipima mwenyewe. Kisha akatembea barabarani, akainama mbele ya duka la viatu, akachora msalaba kwa chaki.

Mhandisi akausogelea ule msalaba. "Ukikosea, tutakuwa tumeipasua barabara hii mara ya tatu."

"Nikikosea, nitashika koleo niifukie mwenyewe."

Nilimjua dada yangu. Sauti ilikuwa imetulia, lakini vidole vilikuwa vinasokota ncha ya kitambaa chake.

Wakachimba. Lami, kokoto, udongo mwekundu mkavu. Mwenye duka la viatu akatoka kulalamika, akakaa kutazama. Udongo ukawa mweusi kidogo. Koleo likaanza kutoa mlio wa kitu kilicholowa. Mara Mzee wa Koleo, aliyekuwa ameshuka mwenyewe, akasema kwa sauti ndogo, "Hebu ngojeni." Akapangusa kwa mkono. Bomba lilikuwa la plastiki, la buluu, na kwenye kiungo chake maji yalikuwa yanabubujika kama yamechoka kungoja kupatikana.

Mzee wa Koleo alinyanyua uso wenye matope, akamtazama dada, akampa mkono vilevile ulivyo. Dada akaupokea kwa mikono yote miwili. Mhandisi alisogea kando akapiga simu, nikamsikia akisema, "Ndiyo, yule wa popo. Andaa barua."

Bomba lilitengenezwa mchana huohuo. Tulikuwa bado tunakunja nyaya muuguzi mmoja alipofungua dirisha la ghorofa ya juu, akawaambia mafundi kwamba bomba la wodi limekohoa, limetoa maji ya kutu, na sasa yanatoka safi. Akasimama pale dirishani akiyasikiliza. Dada akageuka upande wa ukuta, akajifuta macho kwa kiganja chenye chaki.

Barua ilipokuja, ilimpa cheo cha msaidizi, eti kwa kuwa si mhandisi. Mimi ningetia sahihi hapohapo kwa meno. Yeye aliomba siku ya kufikiri, kama mshauri wa sweta alivyomfundisha, akarudi na jibu moja.

"Kazi mliyoniona nikifanya ni ya mtaalamu," akamwambia afisa utumishi. "Naomba cheo kilichotangazwa na mshahara wake. Na alasiri moja kwa wiki nimalizie makala zangu."

"Hatujawahi kufanya hivyo."

Mhandisi, aliyekuwa akipanga mafaili kabatini, hata kugeuka hakugeuka. "Basi tuanze," akasema.

Mwezi ule ule alitetea tasnifu yake mbele ya jopo, akapita. Mama alivaa gauni lake zuri, akakaa kiti cha mbele, na profesa mmoja alipouliza swali gumu, mama alimkazia macho mpaka yule profesa akalainisha sauti. Jumatatu iliyofuata dada aliondoka nyumbani na buti mpya na koti la idara lililompwaya mabegani, hakukubali nimsindikize. Nilisimama mlangoni mwa saluni nikimtazama akienda, anatembea katikati ya njia, haraka, kama mtu anayesubiriwa.