Nililazimisha Moduli, Wafula Akafungua Ghala

Nilikosea, na nilijua ninakosea kabla kidole hakijagusa kitufe. Hicho ndicho kinachonila.

Nilikuwa nimemaliza chuo juzi tu nikapata kazi kwenye ghala la mahindi Kitale. Pale, chumba kikishawekwa vidonge vya sumu ya kuua wadudu, hufungwa, kitambaa chekundu kikafungwa mlangoni. Haingii mtu mpaka kompyuta iseme hewa ni salama.

Programu ya kuhesabu siku tangu sumu iwekwe ilikuwa ya Unix, mfumo wa zamani wa kompyuta, na mashine yake ilikuwa imekufa. Nikaihamishia kwenye mashine mpya yenye mfumo wa Linux kwa moduli, kipande kinachoingia ndani ya kiini cha mfumo na kuifanya programu ya zamani ijione bado iko kwake. Ikafanya kazi! Mkubwa wetu akaanza kuniita Injinia. Ai, jinsi nilivyolipenda jina hilo!

Baadaye nikaweka kiini kipya cha mfumo. Moduli ikakataa, kwa sababu ilitengenezewa kile cha zamani. Nilipaswa kuiunda upya, lakini mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Injinia, imekulemea?"

"Hapana, mzee. Ni kitu kidogo tu."

Nikailazimisha iingie. Onyo likatokea kwenye skrini, nikalifuta kabla hajalisoma.

Mimi ni mtu wa kurudi mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango! Siku hiyo sikukagua hata tarehe moja. Programu ilifunguka, nikamshukuru Mungu.

Kumbe ilikuwa inasoma tarehe vibaya. Chumba kilichowekwa sumu juzi, yenyewe ilihesabu kimewekwa zamani.

Asubuhi iliyofuata nikamkuta Wafula, mtunza ghala wetu, akifungua kitambaa huku anapiga mluzi.

"Wafula, si hiki kimewekwa dawa juzi?"

"Si kompyuta yako imesema iko sawa? Ama unataka nibishane na mashine ya Injinia, bana?"

Tukacheka. Nilicheka!

Lakini nikarudi ofisini kuangalia. Nilipoziona zile tarehe nilitoka mbio nikipiga kelele. Wafula alikuwa ameanguka kifudifudi ndani, karibu na mlango. Mimi na wenzangu tukamshika miguu, tukamvuta nje.

Hakufa. Ila kifua chake hakikurudi hali yake. Hata kilima cha kwao Matulo hakipandi bila kusimama njiani.

Mkubwa akasema programu ilikuwa imezeeka. Nikamwacha aamini hivyo. Nikarudisha kiini cha zamani kimyakimya, nikaacha kazi, nikahamia Bungoma.

Mwezi uliopita nikakutana na mke wa Wafula soko la Chwele. Akanishika mikono yote miwili.

"Injinia, Mungu akubariki! Baba watoto husema bila kelele zako angekuwa kaburini."

Akanipa kichane cha ndizi. Nikakipokea! Zimeozea jikoni kwangu. Nilishindwa kuzila, nikashindwa kuzitupa.

Jumamosi naenda Matulo kumwambia Wafula ukweli. Sijui atanifanya nini.

Lakini wewe uliyekalia kiti changu Kitale, sikukuachia hata neno moja la kukuonya. Ipo siku utaweka kiini kipya kwenye mashine ile, na moduli itakataa. Usiilazimishe! Acha mkubwa asimame nyuma yako akuone umeshindwa.

Na kama umeshailazimisha, usimalize kusoma. Kimbia ukaangalie kama kitambaa bado kiko mlangoni.