Ozella Atafuta Jiko la Moshi

Siku jiko la zamani la Ozella Gathright lilipokufa, sote tulikuwepo kushuhudia. Ilikuwa tarehe kumi na tisa Juni, sikukuu yetu ya kukumbuka mwisho wa utumwa, na ua wake kule nje kidogo ya Giddings ulikuwa umefurika. Ukoo mzima wa Gathright ulikuwepo, pamoja na majirani na nusu ya kwaya ya kanisa. Soda nyekundu zilikuwa kwenye barafu, saladi ya viazi imefunikwa kwa kitambaa, na vidari viwili vya ng'ombe vilikuwa vimeshapata moshi wa saa saba, bado kama saa tano hivi viwe laini.

Jiko lenyewe lilikuwa pipa la mafuta lililokatwa kati na kutiwa bawaba. Lilikuwa limemtumikia Ozella miaka kumi na minane, na kutu ilikuwa imekula kitako chake polepole bila mtu kuona. Alipofunua kifuniko kutazama nyama, kitako kikaachia. Makaa yakamwagika kwenye nyasi kavu, vidari vikafuata, na mumewe Hosea, mtu mwepesi wa miguu ila si mwepesi wa kufikiri, akachomoa mpira wa maji ya bustani akazima kila kitu, moto na chakula.

Kisha Verlene, dada yake Hosea, akasema kwa sauti ya kuhurumia, "Jamani wifi. Sijawahi kula supu ya kidari, lakini leo naona ndiyo tutakayokunywa."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ozella naye alicheka. Tulikula soseji na mkate, sherehe ikaisha salama. Lakini Verlene hakuwa mtu wa kuliacha jambo zuri kama lile lipite. Akikutana na Ozella kanisani, "Wifi, kile kidari bado kinaiva?" Siku ya Krismasi akamletea zawadi iliyofungwa vizuri kwa karatasi inayong'aa. Ndani mlikuwa na kichwa cha kurushia maji cha mpira wa bustani.

Ozella alikuwa na miaka sitini na miwili wakati huo. Alikuwa amepika kwenye shule ya msingi ya mji miaka ishirini na tisa, watoto mia tatu kila siku, kwenye majiko ya serikali ambayo hakuyachagua yeye. Alipostaafu aliwaambia binti zake kwamba kabla hajafa anataka jiko moja la moshi lililo zuri, chuma kizito, la kuchaguliwa naye kwa mkono wake. Binti zake wakachanga, Hosea akaongeza, na mwezi wa Machi safari ya kutafuta jiko ikaanza.

Hosea alikuwa tayari ameshapata wazo. Alimpeleka mkewe kwenye duka kubwa la mjini, ambako majiko yalipangwa kwenye mstari yaking'aa kama magari mapya. Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi na maneno mengi. Aliwapitisha kwenye jiko linalotumia umeme na punje za unga wa mbao zilizogandamizwa, linalojilisha lenyewe.

"Mzee," kijana alimwambia Hosea, "hili unaliwasha kwa simu. Unabonyeza hapa, unaenda zako kulala. Ukiamka, nyama tayari."

"Unasikia, mama watoto?" Hosea akasema, macho yanang'aa. "Unalala!"

"Nimesikia," Ozella akajibu. "Sasa mimi nikilala, nani anapika?"

"Jiko, mama," kijana akasema.

"Basi na sifa zote lichukue lenyewe."

Aliligonga jiko kwenye kifuniko kwa pete yake ya ndoa. Likatoa mlio mwembamba. "Hili kopo la maharage, mwanangu. Upepo wa baridi wa Januari ukivuma, joto lote linakwenda kumpasha jirani."

Kijana akamgeukia tena Hosea kumweleza habari za dhamana na magurudumu. Hosea akainua mikono. "Usinitazame mimi. Mimi kazi yangu kula. Mpishi ni huyo uliyempa mgongo."

Kijana wa watu akaona haya, akaomba radhi, na Ozella hakumwekea kinyongo. Ila jiko hakununua.

Mtu wa kanisani akawatajia Mzee Alvin Kubala, fundi wa kuchomea vyuma aliyeishi mashambani kuelekea Dime Box. Huyu alikuwa akichukua matangi ya zamani ya gesi, yale marefu ya chuma kinene, anayakata milango, anabandika chumba cha moto upande mmoja na dohani upande wa pili, na watu walitoka mpaka Houston kuja kuyachukua. Alikuwa na miaka sabini na minne, mrefu, mwembamba, na alitoa maneno kama mtu anayelipia kila neno.

Kwenye uwanja wake kulikuwa na majiko matatu. Dogo halikuwa kubwa kuliko pipa la zamani. Kubwa kabisa lilikaa juu ya trela na lingeweza kumeza ng'ombe na mkia wake. Ozella alilizunguka lile kubwa mara mbili, akalipapasa, akafungua milango yake mitatu mmoja baada ya mwingine, na Hosea akaanza kuwaza ni mti gani wa ua wao utakaokatwa.

"Hili zuri," Ozella akasema. Kisha akasimama kidogo. "Lakini ni la mtu anayelisha mji. Mimi nina sikukuu moja kwa mwaka na Jumapili hamsini na mbili. Jumapili tuko wanane. Nitachoma gogo zima la mwaloni kupasha chuma kitupu?"

Akaenda kwenye lile la kati. Lilikuwa refu kumpita Hosea akilala, chuma chake kinene kama kidole kidogo cha mkono, mlango mzito lakini umewekewa uzito nyuma hata ukauinua kwa mkono mmoja. Aligonga kwa pete. Safari hii pete ndiyo iliyolia, chuma kikanyamaza. Akatabasamu.

"Mzee Kubala, naweza kuliwasha?"

Mzee akamwangalia. "Kuliwasha?"

"Viatu navijaribu kabla ya kununua."

Mzee akaelekeza kidole kwenye rundo la kuni. Ozella akawasha moto mwenyewe, akaulea hadi moshi ukawa mwembamba na wa buluu, akasubiri chuma kipate joto. Halafu akaenda kwenye pikapu na kurudi na mikate miwili myeupe ya dukani. Akapanga slesi kwenye wavu, kutoka mwisho hadi mwisho, akafunika.

"Huyu anafanya nini?" Mzee Kubala akamuuliza Hosea.

"Bwana, nina miaka thelathini na minane ya ndoa," Hosea akasema, "na nimejifunza kusubiri tu."

Baada ya dakika kumi Ozella akafunua. Slesi za karibu na chumba cha moto zilikuwa nyeusi. Za katikati zilikuwa na rangi ya asali. Za mwisho zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka dukani.

"Chuma chako hakina kasoro," Ozella akamwambia mzee, taratibu, kama anavyosema na mtu anayemheshimu. "Tatizo ni dohani. Umeiweka juu kabisa ya tangi. Joto linaingia, linapanda darini, linatoka zake. Nyama iko chini inalitazama likipita. Ishushe mdomo wake usawa wa wavu, joto litalazimika kupitia kwenye nyama."

Uso wa Mzee Kubala ukawa mwekundu. "Bibie, nimetengenezea watu majiko miaka arobaini. Dohani hukaa juu. Hakuna aliyelalamika."

"Hawalalamiki. Wanasimama wakigeuza nyama siku nzima, wanadhani ndiyo kupika."

"Basi nenda kwa wanaotengeneza dohani chini."

Ozella akaokota slesi zake, akamshukuru kwa kuni, akaingia garini. Njiani Hosea akashindwa kujizuia. "Tumeendesha saa nzima kwenda kununua jiko. Tunarudi na mkate ulioungua."

"Wa katikati haukuungua," Ozella akasema, akampa slesi.

Alijifanya hajali, lakini alijali. Lile jiko alikuwa amelipenda. Siku ile alifua mapazia yote ya nyumba, ambayo hayakuwa machafu, na jioni akamwambia binti yake mkubwa kwenye simu kwamba pengine ni mdomo wake tu, pengine angenunua na kunyamaza kama wengine.

Siku ya tisa simu ikalia. Ilikuwa sauti nzito ya Mzee Kubala, na kwa mara ya kwanza alikuwa na maneno mengi.

"Bibie Gathright, nilinunua mkate," akasema.

"Ehe?"

"Nikaupanga kwenye jiko langu la nyumbani. Lile nililojitengenezea mwaka nilipooa." Akakohoa. "Mke wangu Rosalie hali kidari. Miaka yote anasema anapenda soseji. Mimi nikichinja, nikipika, kipande cha kwanza namkatia yeye kabla ya wageni, kwa sababu ni mke wangu. Na cha kwanza kuiva siku zote ni kile cha upande wa moto."

Ozella akafunika mdomo kwa kiganja.

"Jana nikamwonyesha ile mikate. Nikamuuliza, Rosalie, nyama ninayokupa ikoje? Akasema, Alvin, inakaa kama soli ya kiatu, lakini ulikuwa unaileta kwa furaha mno." Mzee akavuta pumzi. "Miaka arobaini na sita, bibie."

"Oo, Mzee Kubala."

"Nimeikata ile dohani. Nimeishusha usawa wa wavu. Njoo na mkate wako."

Walikwenda kesho yake. Mara hii Rosalie naye alikuwepo uwanjani, mama mfupi mwenye aproni ya maua, na wote wanne wakainama juu ya wavu kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Upande wa moto slesi zilikuwa kahawia iliyokoza kidogo. Zilizobaki zote, mpaka mwisho, zilikuwa rangi moja ya asali. Mzee Kubala akachukua ya mwisho kabisa, akaila yote, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Naanza kuziweka dohani hivi," akasema.

Kulipeleka lile jiko nyumbani kulihitaji trela ya kukodi na wanaume wanne, na walipolitua kwenye ua, Ozella alilifanyia kazi mwezi mzima. Alilipaka mafuta ndani, akaliwasha bila nyama ili mafuta yashike chuma, akajifunza tabia yake: jinsi linavyochelewa kupata joto na linavyokataa kulipoteza, gogo la ukubwa gani linatosha dakika arobaini, kidirisha cha hewa kifunguliwe kiasi gani upepo ukitoka kusini. Kidari cha kwanza kilitoka kigumu kidogo na hakumficha mtu. Cha tatu kilipotoka, Hosea alikula kimya, jambo ambalo kwa Hosea ni hotuba.

Juni kumi na tisa ilipofika, Ozella aliamka saa kumi alfajiri akawasha moto. Alikuwa amevipaka vidari vinne chumvi na pilipili manga tu, na akawa akiongeza mbavu na soseji kadiri siku ilivyokwenda. Watu walianza kuingia saa sita mchana. Verlene alikuja na sufuria ya kuku wa kukaanga mikononi.

"Tahadhari kabla ya hatari, wifi," akatangaza mbele ya watu. "Na kaka yangu nimemwomba akae mbali na bomba la maji."

"Weka hapo mezani," Ozella akasema. "Kuku wako hatapotea. Mbwa wapo."

Saa kumi na moja jioni alikata kidari cha kwanza. Kisu kilipita bila kusukumwa, na ile slesi aliyoiinua ikajipinda juu ya kidole chake bila kukatika. Mzee Kubala na Rosalie walikuwa wamealikwa, wamekaa chini ya turubai na sahani za karatasi. Ozella alipeleka sahani ya kwanza kwa Rosalie mwenyewe. Mama yule akala kidogo, akafumba macho, akamgeukia mumewe.

"Alvin," akasema, "hivi ndivyo watu wanavyokula?"

Mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kucheka.

Verlene alijaza sahani mara tatu. Mara ya tatu alijaribu kujificha nyuma ya mashemasi wa kanisa, lakini Ozella alimwona, akamwita kwa sauti, na wifi yake akaja na midomo inayong'aa mafuta.

"Sema basi," Ozella akamwambia.

"Nina mdomo umejaa, siwezi kusema."

"Nitasubiri."

Verlene akatafuna, akameza, akatazama chini, akatazama juu. "Wifi, ni tamu," akasema. "Ni tamu mpaka naona aibu. Sasa nifungie nyingine ya kesho, na usiniambie hakuna, nimeona vipande viwili kwenye karatasi ya alumini."

Ozella akamfungia. Kuku wa kukaanga naye aliliwa, maana kwenye ua wa Gathright hakuna kinachobaki. Jumapili iliyofuata hapakuwa na sherehe yoyote, lakini tulipotoka kanisani tuliona moshi mwembamba wa buluu ukipanda nyuma ya nyumba yao. Alikuwa anapika bata mzinga kwa watu wanane, akiwa amekaa kwenye kiti cha turubai na kofia ya majani kichwani, hana haraka ya kitu chochote duniani.