Simu za Majirani Nyuma ya Kinga

Mwenzangu wa kazini amechoka kugombea basi kila asubuhi. Anataka kununua baiskeli, ambayo sisi huku Lubumbashi tunaiita kinga, na ameniuliza mtu wa kinga abebe nini akienda kazini. Nilimwambia pampu, kipande cha mpira wa kuziba tundu, gundi, na kitambaa cha kufutia viatu, kwa sababu wakati wa kiangazi vumbi jekundu la mtaa wetu wa Ruashi linaingia hadi kwenye soksi. Abebe pia shati la kazi ndani ya mfuko wa plastiki, alivae akifika. Sikumwambia kwamba hivyo ndivyo vitu vyepesi. Ukishakuwa na kinga, na kazi yenye umeme, mtaa mzima utakupangia cha kubeba.

Mimi nafanya kazi kwenye depo ya dawa mjini. Kuna friji za chanjo pale, na friji hazisubiri, kwa hiyo umeme ukikatika jenereta inawaka. Mtaani kwetu umeme unakuja ukitaka, na siku nyingi hautaki. Ilianza na mke wangu, aliyenipa simu yake nikaichaji. Kisha dada yake. Kisha jirani wa ukuta mmoja, kisha wa ng'ambo ya barabara, hadi nikawa natoka kila asubuhi na mfuko wa simu nyuma ya kinga, umekazwa kwa kipande cha tyubu, kila simu imefungwa kitambaa cha rangi yake zisije zikachanganyika. Sikuwahi kukubali kazi hiyo. Ila pia sikuwahi kukataa, maana kukataa nako kunataka nguvu, na nguvu zangu zote zinaishia kwenye pedali.

Sharti niliweka moja tu: simu ikilia kazini, sijibu. Niliwahi kujibu moja, ya dada mmoja jirani yetu. Aliyepiga alikuwa mume wake, dereva wa lori, amekwama kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, hajalala, na badala ya mke wake akasikia sauti ya mwanamume. Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Mume huyo aliporudi ilibidi mke wangu aende nami kunitetea, na njiani akaniambia kwamba mimi sina hata sura ya mambo hayo, jambo ambalo halikunifurahisha. Tangu siku hiyo simu zinalia kwenye rafu, waya zinaning'inia, na mimi nahesabu maboksi ya dawa kama mtu asiyesikia.

Msimu wa mvua uliopita ililia ya kitambaa cha kijani. Hiyo ni ya mama mmoja mjane, nyumba ya tatu kutoka kwetu, anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, mlangoni kwake. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amekwenda Kilwa, si ile ya pwani bali ya kwetu huku, kule ziwani, kununua samaki wakavu aje kuwauza huku. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena, muda mrefu kuliko mtu anavyopiga kwa salamu tu. Nikaiangalia. Namba tupu, bila jina. Nikaiacha, kama tulivyokubaliana.

Jioni nilifika nimelowa, magoti yananiuma, sitaki kitu duniani ila maji ya moto. Nikakuta wanawake wameketi uani kwa yule mama, na hakuna anayecheka. Mke wangu akanivuta pembeni. Asubuhi, mimi nikiwa nimeshaondoka, msafiri mmoja aliyetoka Kilwa alipita sokoni akisema mashua imepinduka ziwani, na ndani yake walikuwamo wanunuzi wa samaki wa kutoka Lubumbashi. Majina hakuyajua.

Nikampa mama simu yake. Akafungua kitambaa, akaona kwamba ilipigwa, akaniangalia. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

"Papa," akaniuliza, "ililia namna gani?"

Nikamwambia ililia sana. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo. Akaingia ndani, akaipiga ile namba, haikupatikana. Akaipiga tena na tena, na kupitia dirishani tulisikia ile sauti ya mashine ikisema kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani. Niliona uchungu, kisha hasira. Nilimkasirikia dereva wa lori, nikaukasirikia umeme, nikaikasirikia hata kinga, ambayo haikuwa na kosa.

Alfajiri nilipokuwa nafunga mfuko mama akaja, amevaa kitenge chake cha kwenda misa, mwavuli mkononi. Kwa kupigapiga usiku kucha, betri ya simu ilikuwa imebaki kidogo kabisa. Nikanyoosha mkono kuipokea.

"Apana," akasema. "Fasi telefone inaenda, na miye minaenda."

Nilitaka kumwambia kwamba ni mbali, kwamba mimi ni mtu wa magoti mabovu, kwamba bosi ataniuliza. Lakini mke wangu alikuwa ameshaleta mto wa kiti na anaufunga. Mama akakaa kiupande, mfuko wa simu na mfuko wa shati langu mapajani, simu yake mkononi, na tukaondoka tukiyumba. Ni mwanamke mdogo wa mwili, ila nyuma ya kinga hakuna mtu mdogo. Mtu mmoja kando ya barabara akatuuliza kama tunaenda kufunga ndoa. Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Kabla ya kuingia mjini kuna mwinuko. Anayepita kwa gari hauoni, lakini mimi nikisimama katikati yake sianzi tena. Tulikuwa pale simu ilipolia. Nikashika breki.

"Usisimame," akasema nyuma yangu.

Labda aliogopa rezo, yaani mtandao, itakatika. Labda aliogopa kwamba tukisimama, habari itatukuta. Nikaendelea kukanyaga. Nikamsikia akisema alo, kisha lori la madini likapita na sikusikia kitu tena ila injini. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa juu ya kinga, na nimewahi kuanguka mbele ya malori. Likapita.

"Ni weye?" alikuwa anasema. "Sema tena. Ni weye?"

Na paji la uso wake likaegemea mgongoni mwangu, nami nikaumaliza mwinuko wote hivyo.

Juu nikasimama. Simu ilikuwa imezima mkononi mwake, lakini alikuwa ameshasikia. Mtoto alichelewa, mashua ikamwacha. Jana yake alikuwa ameazima simu ya mtu ili mama yake asikie hilo kutoka kwake kabla ya kusikia mengine. Mama akaifunga simu kwenye kitambaa cha kijani, akanipa, akasema niende nayo tu. Yeye alirudi kwa miguu kuwaambia wanawake waliokuwa uani kwake.

Depo nilifungua mfuko wa plastiki. Shati langu, ambalo mke wangu alilipiga pasi kwa makala ya huyohuyo mama, lilikuwa limekunjamana, na bega moja limelowa. Mama alikuwa amelifutia uso. Mwenzangu nitamwambia abebe mashati mawili. Mimi sikuwa na lingine, nikalivaa hivyohivyo, nikachomeka simu zote, ya kijani ikiwa ya kwanza.

Mchana ikalia, namba ileile. Bega lilikuwa bado halijakauka. Nikajibu.